Sahihi Upande wa Kushoto

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mstari, na jina lenyewe lilitokana na rula. Siku ya kwanza ya kufundisha insha ya kushawishi aliingia darasani na rula ndefu ya mbao, akapiga mstari mmoja ubaoni kutoka juu mpaka chini, katikati kabisa, kisha akageuka na kuuliza swali. Wanafunzi walale bweni au watoke nyumbani? Simu ziruhusiwe shuleni au zipigwe marufuku? Hakuna mtoto aliyekosa jibu, na wote walitaka kuanza kuandika papo hapo.

"Kalamu chini," alikuwa akisema. "Hujajua bado unabishana na nani."

Upande wa kulia wa mstari ulikuwa wa hoja zako. Upande wa kushoto ulikuwa wa mwenzako asiyekubaliana nawe, na huo ndio uliojazwa kwanza. Hapo ndipo vilio vilipoanza, maana haikutosha kuandika kwamba mwenzako ni mvivu au hajui kitu. Ilibidi umtafute darasani mtu anayeamini kinyume chako, ukae naye, umsikilize, uandike sababu zake, halafu umpe karatasi asome. Akiona umemwandika sawasawa, anatia sahihi chini. Akiona umemfanya mjinga ili umshinde kirahisi, anakurudishia. Bila sahihi ya mpinzani, Mwalimu Mstari hakusahihisha insha yako hata ungempigia magoti. Kila mwaka wanafunzi wawili watatu walibadili msimamo wakiwa bado kwenye mpango, wakaja kwake wameinamisha vichwa kana kwamba wameiba. Aliwaambia wapige mstari mwingine, waanze upya, na alama hakuwapunguzia.

Nayajua haya kwa sababu mimi ni karani wa shule hiyohiyo. Miaka kumi na tisa nimechapa mitihani yake katika ofisi ndogo iliyo kando ya stoo ya chaki, yenye kompyuta moja inayowaka ikipenda na mashine ya kurudufia inayotafuna karatasi. Mwandiko wake nausoma hata akiandika huku anatembea. Na pia ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumtania mbele ya walimu wenzake, na haki hiyo sikuiacha ilale.

Hata huyo dada yangu alimpata kwa mstari. Alipokuja kwetu kuposa mimi nilikuwa na miaka kumi na tano. Baba yetu alikuwa fundi wa malori, mtu asiyependa maneno mengi, na alimwambia waziwazi kwamba hapana. Kijana hakubisha. Baada ya wiki moja alirudi na karatasi iliyopigwa mstari, akamkabidhi baba kwa mikono miwili. Upande wa kushoto alikuwa ameandika kila sababu ya kumnyima mke: hana nyumba, anaongea polepole mno, mshahara wa mwalimu unatia huruma, na masikio yake makubwa yatarithiwa na wajukuu. Ya mwisho ilisema hivi: binti huyu ndiye anayemlea mdogo wake tangu mama yao afariki, na akiondoka, mdogo atabaki na nani? Baba aliisoma mara mbili, karatasi ikishika grisi ya vidole vyake. Hiyo ya mwisho yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Akaomba kalamu, akatia sahihi, akauliza, "Haya, na huku kulia unasemaje?" Kulia kulikuwa na sentensi moja tu: mdogo atakuja kukaa kwetu. Nikakaa kwao miaka saba.

Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minane na Dada kumi na saba. Alinipikia, alinifulia, alinikalia kooni mpaka nikajua hesabu za kugawanya. Kusuka tu ndiko alikokuwa hajui, na muda wa kujifunza hakuwa nao, kwa hiyo alinikata nywele kwa mkasi wa kushonea, upande mmoja juu, mwingine chini, nikaenda shule nikachekwa mpaka nikatamani ardhi inimeze. Baadaye akasomea ukunga. Kwa miaka ishirini na sita nusu ya watoto wa mtaa wetu walipokelewa na mikono yake, na wengine walikuja kukaa kwenye madawati ya mumewe kupigiwa mstari.

Uvimbe ulimwanza tumboni akiwa na miaka hamsini na moja. Walimpasua mara ya kwanza, baada ya wiki tatu akarudi nyumbani anatembea, anafokea watu kama kawaida. Wakampasua mara ya pili, akakaa hospitali wiki saba. Alipofika miaka hamsini na tatu daktari alituita, akasema uvimbe umerudi, na kwamba wangejaribu mara ya tatu. Ikifanikiwa, huenda akapata mwaka, labda miwili. Isipofanikiwa, asingeamka mezani. Asipopasuliwa kabisa ni miezi, alisema, na mingapi hakusema. Alitaka jibu Ijumaa ya wiki inayofuata. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgonjwa, mkoba mapajani.

"Jibu ninalo leo," akasema. "Sitaki." Akasimama, akamshukuru daktari, akamuaga, akatoka.

Damu ilinipanda kichwani. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimsema. Nilimwambia ana kichwa kigumu, anajipenda mwenyewe, kuna watu wanalia usiku na mchana wapate nafasi hiyo aliyoikataa kana kwamba ni soda ya moto. Mwalimu alikaa mbele na dereva. Dada aliniacha nimalize. Alipoona nimeishiwa pumzi aliniuliza kama nimekula.

Jumatano, saa ya mapumziko, Mwalimu aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Karani," akasema. Aliniita hivyo alipotaka nimfanyie kazi. "Kuna insha nataka unichapie."

"Ya darasa gani?"

"Ya mke wangu."

Nilimwelewa mara moja, na kusema kweli nilifurahi. Mtu aliyemgeuza baba yetu kwa karatasi angeshindwaje na dada yangu? Nikampa kiti, nikasogeza kompyuta. Akachukua mtihani wa zamani, akaugeuza nyuma, akapiga mstari kwa mkono mtupu, bila rula. Mstari ulipinda. Akaanza na upande wa kulia. Kwamba daktari ni hodari. Kwamba upasuaji wa kwanza ulifaulu. Kwamba mwaka ni mwaka. Kwamba mjukuu wao, mtoto wa binti yao wa pekee, ana miezi mitano na anastahili kumjua bibi yake. Alifika hoja kumi na moja, mimi nikamwongezea ya kumi na mbili, kwamba yeye aliyewahimiza wanawake wasukume tena walipochoka hana ruhusa ya kuchoka. Tuliiona hiyo kuwa kali sana.

Kisha akahamia kushoto. Akaandika neno moja: Anaogopa. Akalitazama. Nje wakagonga ile rimu ya lori tunayoitumia kama kengele, akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda darasani. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimwona anawarudishia watoto karatasi za namna ile, za kushoto neno moja, na kuwaambia watafute mtu halisi. Niliiona, nikajitia hamnazo. Nilitaka ashinde, basi. Jioni nikachapa kurasa mbili safi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana akamsomea. Dada alikuwa kwenye kochi la sebuleni, mto nyuma ya mgongo, kanga miguuni. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni ili asitoroke, ingawa wakati ule hata kwenda chooni alikwenda kwa kupumzika njiani. Mwalimu alisoma kwa kusimama, kwa sauti ile ya darasani, na alipofika kwa mjukuu alikohoa, akaendelea. Mimi machozi yalikuwa yameshanilowesha kidevu. Dada alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Mpango wake uko wapi?"

"Mpango si lazima uuone."

"Tangu nikujue hujawahi kuandika bila mpango. Lete."

Akautoa mfukoni. Dada aliukunjua gotini, akausoma bila haraka, kulia kwanza halafu kushoto. Akanyoosha mkono, akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati la mumewe, akalizungushia duara lile neno moja.

"Huyu wa kushoto ni nani?"

"Ni wewe," Mwalimu akasema.

"Simjui." Akaandika juu ya karatasi, tatu juu ya ishirini. "Hizo tatu ni za mwandiko. Sahihi yangu ulikuja kuiomba lini?"

Mimi ndiye niliyeshindwa kujizuia. "Dada, sisi hapa roho ziko mikononi, na wewe unakaa kusahihisha."

"Na wewe uliyechapa," akaniambia, wala hakupandisha sauti, "uliona neno moja pale ukaona linanitosha?"

Mwalimu alipokea karatasi yake, akaikunja mara nne, akatoka kwenda kukaa barazani. Alikaa huko mpaka jua likamhamia.

Jumatatu alifundisha ovyo. Watoto wenyewe walikuja kuniuliza Mwalimu ana nini. Saa nne akaja ofisini, safari hii ameshika rula, akaniomba karatasi mpya, nyeupe pande zote mbili.

"Naanza upya," akasema. "Kushoto."

"Mwalimu, zimebaki siku nne. Huu si wakati wa kucheza shule. Wewe ni mume wake, mwambie."

"Nimeshamwambia kurasa mbili. Yeye hajaniambia hata moja."

"Na akikushinda je?"

Alinyoosha karatasi kwa kiganja, akapiga mstari, safari hii umenyooka. Nilimwambia maneno mengine ambayo shemeji hamwambii shemeji, na si ya utani, akayapokea yote, akaondoka na karatasi yake. Nilirudi kwenye kazi na hasira zangu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilipanga mitihani nikachanganya kurasa, darasa zima likapata ukurasa wa pili mara mbili.

Jioni hiyo nilikwenda kwao kama nilivyokwenda kila siku, kufua na kupika. Niliwakuta sebuleni, Mwalimu kwenye kigoda, karatasi juu ya ubao wa kukatia mboga ulio mapajani, Dada kwenye kochi. Nikajitia kukunja nguo pale pale. Hakuna aliyenifukuza.

"Anza na upasuaji wa pili," Dada alikuwa akisema. "Wiki saba. Unajua nakumbuka siku ngapi? Kumi na moja. Binti yetu alijifungua nikiwa kule. Mnasema mlinilazia mtoto kifuani, na picha ninayo. Naitazama ile picha, yule mwanamke simtambui. Mimi nimepokea watoto wa watu wote, mjukuu wangu nimejulishwa kwa picha."

Aliandika. Kalamu ya Mwalimu ilikwaruza, Dada akingoja, kisha akaendelea. Alisema miaka ishirini na sita amewasikia madaktari wakizungumza na ndugu wa wagonjwa. Daktari akisema tutafanya, ana uhakika na mikono yake. Akisema tutajaribu, anatuomba radhi mapema. "Yule wetu neno hilo la tutajaribu alilisema mara tatu. Nilihesabu." Alisema wodi ile ndiyo aliyofanyia kazi, na wauguzi wa sasa ni wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumdhalilisha. Alisema kutoka kwenye kochi lile anaisikia rimu ya shule ikigongwa, na baada ya kengele ya mwisho anajua dakika kumi hazipiti, mumewe ataingia na chaki kwenye mikono ya shati. Hospitali husikii kitu chochote kinachokuambia ni saa ngapi.

"Na kuogopa?" Mwalimu akauliza taratibu.

"Naogopa. Andika. Lakini weka la tano au la sita, usiliweke peke yake. Naogopa kote kuwili."

Siku ya pili Mwalimu alimletea ukurasa uliopangwa vizuri. Dada akasoma, akasukuma pembeni. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anathamini utu na heshima yake. "Sikusema hivyo," Dada akasema. "Nilisema sitaki kuvalishwa nepi na msichana niliyemfundisha mimi kuvalisha nepi. Andika hivyo hivyo." Hapo nilicheka bila kutaka, na yeye akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, tukanyamaza.

Siku ya tatu, Jumatano, aliandika hivyo hivyo. Dada alisoma mpaka chini, akashika kalamu, halafu akaiweka.

"Kuna moja umeiruka."

"Nimeandika zote."

"Ile ya juzi, mdogo wangu alipokwenda jikoni. Unaijua."

Mwalimu alivuta karatasi mapajani mwake. Mimi nilikuwa nimeshika shuka, sina pa kutazama. Kisha akaandika, akakata, akaandika tena, nikajua si jambo dogo. Alipomaliza akamsomea yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Nikiwa hospitali mume wangu hanitazami. Anatazama mashine. Ananiuliza wamenipa dawa gani, hajaniuliza ninaota nini. Wiki saba nilikuwa naye pale, na nilikuwa mpweke. Nyumbani ananitazama."

"Sasa huyo ni mimi," Dada akasema. Akatia sahihi. Mwalimu akainamisha uso kwenye ule ubao wa mboga, na dada yangu akamwekea mkono kisogoni, akauacha pale. Nilitoka na shuka yangu nikaenda kuianika, na wala haikuwa imelowa.

Alhamisi tuliitisha kikao. Binti yao alikuwa amefika asubuhi na mtoto mgongoni. Dada alikuwa amechoka, akabaki kitandani chumbani, mlango wazi. Tukakaa watatu sebuleni. Mimi nilikuja nimepiga moyo konde. Nilijiambia kwamba Mwalimu amefanya mchezo wake wa kushoto, sawa, amemsikiliza mke wake, ni haki yake. Sasa atafika kulia, na kulia ndiko kwenye hoja kumi na mbili. Nilizijua zote kwa moyo, na ya mwisho ilikuwa yangu.

Alisoma ya Dada yote mpaka kwenye sahihi. Hakuiruka hata ile ya mashine. Binti yao alikuwa akimtikisa mtoto gotini, polepole, polepole, mpaka akasahau kumtikisa.

"Huku kulia ndiko msimamo wangu," Mwalimu akasema. Akageuza karatasi tuione. Kulikuwa na sentensi moja: kesho nitakwenda kumwambia daktari kwamba mke wangu atakaa nyumbani.

Nilisimama. Nilimwambia amemuua dada yangu kwa rula. Nilisema hivyo, na yeye yuko chumbani anasikia, na mpaka leo sijui kwa nini ulimi haukunikatika. "Ulianza kwa kutaka kumgeuza yeye," nikasema. "Amekugeuza wewe. Na sisi je? Sisi tusiokubali, tumeandikwa wapi?"

"Mmeandikwa," akasema. "Nimebadili upande, kwa hiyo wapinzani wangu sasa ni nyinyi wawili. Siwezi kwenda kwa daktari bila sahihi zenu." Akatoa karatasi nyingine mbili mfukoni, kila moja na mstari wake. Akampa binti yake moja, akanipa mimi moja, na kila mtu kalamu nyekundu. "Kama nimewaandika vibaya, nirudishieni."

Binti alisoma ya kwake, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi huku analia, wala hakusema imeandikwa nini. Sikumwuliza.

Nikafungua ya kwangu. Nilitarajia hoja zangu: daktari hodari, mwaka ni mwaka, sukuma tena. Hazikuwepo. Upande wa kushoto, kwa mwandiko ule ninaousoma hata gizani, kulikuwa kumeandikwa hivi:

"Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane. Dada ndiye aliyenilea. Alinisuka nywele kila Jumapili kabla ya shule. Alipoolewa, hakuniacha. Sijawahi kuishi siku moja ambayo yeye hayupo mahali fulani. Nikisema nataka apasuliwe, ninachosema ni kwamba sijui kubaki. Nina miaka arobaini na minne, naona aibu kulisema hilo, kwa hiyo nasema habari za daktari."

Nilirudia kusoma. Nilikuwa natafuta kosa. Wallahi nilitafuta, na kalamu mkononi, niizungushie duara sentensi moja tu na kumwambia huyu si mimi, simjui. Nilikwenda mstari kwa mstari kama ninavyosoma mitihani kabla ya kuirudufu. Hajaongeza chumvi, hajapunguza. Hata aibu ameiona. Mtu niliyemtukana Jumatatu alikuwa amekwenda nyumbani kwake akakaa akaniandika hivyo.

Kosa nililipata moja. Nikalikata neno nikaandika juu yake. Hakunisuka, hajui kusuka. Alinikata kwa mkasi wa kushonea.

Kisha nikatia sahihi. Jina langu lilitoka kama la mtoto anayejifunza kuandika. Mwalimu alipokea karatasi, akaona nilipomkosoa, akatikisa kichwa kukubali.

Chumbani Dada akauliza, "Kapata ngapi?"

"Kumi na tisa," nikamwambia. "Moja nimemkata kwa sababu ya nywele."

Tulimsikia anacheka. Mjukuu alishtuka kwa kicheko kile, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, na mama yake akainuka akampeleka ndani kwa bibi yake.

Dada aliishi miezi minne na siku sita. Sitasema ilikuwa miezi myepesi, maana kulikuwa na siku alizouma mto. Lakini alikuwa hapo. Mtoto alijifunza kukaa juu ya kochi lile, na alipoanza kutambaa alitambaa kumfuata yeye. Mwalimu alikuwa akifika dakika kumi baada ya kengele ya mwisho na chaki zake, anakaa kigodani, anamwuliza ameota nini. Mimi nilijifunza kukaa bila kumhubiria mtu. Sikuwa hodari, lakini nilijifunza.

Wiki ya mwisho alilalamika kwamba nywele zinamchemsha shingo akilala. Akaniambia nilete mkasi wa kushonea, uko kwenye kopo la vifungo. Nikamweka kitako, nikamtandikia taulo mabegani, nikakata. Macho yangu hayakuwa yakiona vizuri, na kichwa chake alikuwa akishindwa kukishikilia, kwa hiyo upande mmoja ulibaki juu na mwingine chini. Nikampa kioo. Alijitazama kushoto, akajitazama kulia.

"Wewe nawe," akasema. "Miaka thelathini na sita umeiweka moyoni."

Nikamkung'utia taulo, nikafagia nywele, nikaenda kumwekea maji ya chai.